Mparachichi wa Mpakani

Watoto wangu watatu wamezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Kwao tunda ni kitu cha kununua: kipande cha tikiti kwenye toroli, embe bichi lililotiwa pilipili na chumvi, parachichi moja ambalo mama yao analigawa kwa kisu ili watu watano wapate. Kwa hiyo Juni 2022, shule zilipofungwa na nikawaambia kwamba tunakwenda Nyarero kwa wiki tatu, yule wa mwisho, aliyekuwa na miaka sita, aliniuliza swali moja tu.

"Baba, kule matunda ni bei gani?"

Tulicheka wote mezani. Nami nilicheka, ingawa moyoni sikuwa na furaha ya safari hiyo. Nilikuwa sijafika nyumbani kwa miaka minne, tangu mwaka tulipomzika baba. Nikiulizwa kanisani kwa nini siendi kumwona mama, nilisema ni kazi, ni ada za shule, ni nauli. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu.

Safari ya basi kutoka Dar mpaka Tarime tunaijua wenyewe. Unalala ukikaa, unaamka Singida, unasinzia tena, unaamka Shinyanga. Watoto walichangamka tulipopita Lamadi, wakaona pundamilia kwa mbali upande wa Serengeti. Pale daraja la Kirumi niliwaonyesha Mto Mara na mafunjo yake, nikawaambia kwamba tukishavuka hapa tumekaribia kwetu. Stendi ya Tarime akina mama walikuja dirishani na ndizi mbivu kwenye beseni. Mke wangu akanunua kichane kizima, na kabla hatujapata gari la kwenda kijijini kilikuwa kimekwisha. Watoto wa pwani walikuwa wanatetemeka. Juni kule milimani asubuhi kuna ukungu, na masweta tulikuwa tumeyafunga chini kabisa ya begi.

Mama alitupokea kwa machozi na kwa matunda. Sijui kama kuna bibi anayejua njia nyingine. Kulikuwa na papai lililokatwa katikati, jekundu ndani kama jua la jioni. Kulikuwa na matunda damu, ambayo watoto waliyakataa kwanza kwa sababu ya jina, kisha wakayagombania. Kulikuwa na pasheni zilizokunjamana ganda, nao walitaka kuzitupa wakidhani zimeoza, mpaka mama alipowaonyesha kwamba ile ya kukunjamana ndiyo tamu. Na ndizi zilitoka kwenye shimo. Mama bado anaivisha ndizi vile alivyofundishwa na mama yake: shimo linapashwa moto, linatandikwa majani makavu ya mgomba, mkungu unalazwa ndani na kufukiwa, kisha unaachwa. Ukilifunua baada ya siku chache harufu inakujia kabla hujaona kitu. Mwanangu wa pili alilala kifudifudi pembeni ya shimo akivuta hewa tu.

Siku ya pili walishaacha kuuliza bei.

Niwaeleze kidogo habari ya mapera, kwa sababu ndiyo yaliyonishika. Kando ya njia inayoshuka kisimani kuna mipera minane au tisa. Baba hakuipanda, ilijiotea, lakini aliiwekea sheria. Mpita njia yeyote, awe wa ukoo wetu au wa ukoo mwingine, aliruhusiwa kusimama na kula mpaka ashibe. Hakuruhusiwa kujaza kikapu. "Tumbo lako ni langu," baba alikuwa akisema, "kikapu chako ni chako." Nilikuwa mtu mzima na familia yangu nilipokutana na sheria hiyohiyo katika Kumbukumbu la Torati 23, mahali Musa anaporuhusu mtu kula zabibu za jirani mpaka atosheke lakini asitie chomboni. Nilishangaa sana. Baba hakujua kusoma.

Mipera hiyo iko upande wa kaka yangu.

Baba aligawa shamba akiwa hai. Upande wa juu alimpa kaka, upande wa chini akanipa mimi, akapanda mstari wa mkonge katikati. Juu ya mstari huohuo, shina likiwa katikati kabisa, kuna mparachichi. Aliupanda kwa mbegu mwaka nilioanza darasa la kwanza, na tulikula parachichi la kwanza nilipokuwa darasa la saba. Ni wa kienyeji, yale makubwa ya ganda laini la kijani ambayo mtoto hulishika kwa mikono miwili. Baba alipokufa hakuwa amesema mti ni wa nani. Nadhani hakuona kwamba kuna haja ya kusema.

Miezi michache baada ya mazishi nilisikia kwamba kaka ameuza maparachichi ya msimu mzima kwa mchuuzi wa Sirari. Nikapiga simu. Akasema fedha aliitumia kumtibu mama. Nikamwomba risiti. Hebu fikirini, ndugu zangu: nilimwomba kaka yangu risiti ya dawa za mama yetu. Naye akakata simu. Nikapanda basi, nikaomba wazee wakae ritongo, lile baraza letu la kumaliza mashauri. Nauli yangu ya kwenda na kurudi ilizidi fedha ya maparachichi yale.

Wazee walisema jambo la busara: mavuno yapokezane, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Mimi nilikataa. Nilisimama mbele yao na viatu vyangu vya mjini, nikasema, "Basi mti ukatwe. Tukose wote."

Pakawa kimya. Sisi watu wa Tarime tunajua maneno kama hayo yanakoelekea. Tumezika watu kwa ajili ya mipaka na ng'ombe. Vita vya koo vilitusumbua mpaka serikali ikatuwekea Kanda Maalum ya Polisi ya Tarime na Rorya, na wazee waliokaa pale walikuwa wameona migomba ikifyekwa na nyumba zikiungua. Kaka hakunitazama. Aliwaambia wazee, "Mwachieni. Uwe wake wote. Usikatwe tu." Akachukua fimbo yake akaondoka.

Nilirudi Dar mshindi. Jumapili iliyofuata niliomba nafasi, nikasimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda kwamba Bwana amenipigania katika shauri la urithi. Wapendwa wakashangilia. Baada ya hapo miaka minne ikapita bila mimi na kaka kusemeshana, na katika miaka hiyo mti ulikuwa wangu nami sikula hata parachichi moja.

Sasa nirudi kwenye likizo. Siku ya kwanza niliwaambia watoto wacheze popote ila wasivuke mkonge. Sikuwaeleza kwa nini. Mtoto wa miaka sita ukimwonyesha mipera iliyojaa upande wa pili wa mstari, halafu umwambie asivuke, umefanya kama ile bustani ya Edeni, isipokuwa wewe si Mungu na huna sababu njema. Siku ya nne alivuka. Nilimwona akirudi, kidevu kinametameta, kifua cha gauni kimelowa, nusu ya pera la nyama nyekundu mkononi.

"Baba mkubwa amesema nile mpaka nishibe," alisema, "ila nisibebe. Amesema kesho nirudi."

Lile pera nililichukua mkononi mwake nikalirusha juu ya mkonge. Kuku wa kaka wakalikimbilia. Mtoto hakulia. Alinitazama, akatazama mkono wake mtupu, akaulamba.

Mama yangu aliona akiwa mlangoni. Akaingia ndani bila kusema neno, na mama yangu ni mtu wa maneno.

Usiku ule, watoto wakiwa wamelala, mke wangu alisema huku akikunja nguo, "Baba watoto, ule ushuhuda ulioutoa mwaka ule. Nilikuwa nimekaa nyuma na akina mama. Mimi sikusema amina." Kisha akaendelea kukunja nguo.

Huku kwetu mgeni kutoka Dar hakosi kupewa mimbari. Wazee wa kanisa la kijijini walikuwa wameshaniomba nihubiri Jumapili. Kwa vile sikuwa na usingizi, niliwasha tochi ya simu nitafute somo. Nikachagua lililo rahisi, ambalo nimelifundisha mara nyingi katika ibada za nyumbani na lisingenisumbua: Wafalme wa Kwanza, sura ya 3, habari ya Sulemani na wale wanawake wawili wenye mtoto mmoja. Nikaanza kuandika vichwa vya somo. Hekima ya mfalme. Upanga. Mama wa kweli anajulikana kwa neno gani?

Kalamu ilisimama hapo. Mama wa kweli alisema apewe mwenzake mtoto mzima, asiuawe tu. Mama wa uongo alisema akatwe, tukose wote. Nilikuwa nimelihubiri somo hilo labda mara kumi, kila mara nikisimama upande wa Sulemani. Haikunijia hata siku moja kwamba maneno ya yule mwanamke wa pili niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, mbele ya wazee. Tofauti ni kwamba pale hapakuwa na Sulemani, na mimi niliyesema ukatwe ndiye niliyepewa. Nikaenda kumshukuru Mungu kwa kipaza sauti.

Nilitoka nje. Kulikuwa na baridi na mbalamwezi, nikaenda mpaka kwenye mti. Mkono wangu uligusa kitu kigumu kwenye tawi kubwa la upande wa chini. Nikamulika. Tawi lilikuwa limepasuka zamani, pengine kwa upepo, na mtu alikuwa amelifunga kwa kamba ya mkonge, mizunguko mingi, akaliegemeza kwa nguzo ya panda. Kamba ilikuwa imezama kwenye gome, kwa hiyo si ya mwaka huo. Sikuhitaji kuuliza nani alifunga.

Asubuhi nilivuka mkonge. Kaka alikuwa zizini akizoa samadi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mura."

Aliendelea kuzoa. Nilisimama mpaka alipomaliza, naye hakuharakisha. Aliponawa akaniletea kigoda. Shemeji akatoka na uji wa ulezi, sahani ya chumvi na maparachichi mawili yaliyoiva. Kaka akachukua kisu, akalikata moja kulizunguka, akalisokota, likaachana. Akanipa nusu yenye kokwa. Tulipokuwa wadogo tuligombania nusu hiyo, kwa kuwa ukitoa kokwa unabaki na shimo la kutilia chumvi.

"Haya si ya kwako," alisema. "Ni ya mti wa nyuma ya zizi. Ule wako sijaugusa."

Nilistahili. Nikala. Nimekula maparachichi mengi Dar, nayo ni mazuri, siyadharau. Lakini lile lilikuwa kama siagi na karanga, na chumvi ilikuwa ya mawe, na nilikuwa na njaa ya miaka minne. Nikashindwa kumeza.

"Kaka, siku ile nilisema ukatwe."

"Ulisema."

"Nilikosa. Nisamehe."

Alifuta kisu kwenye paja, pande zote mbili. "Kula kwanza," akasema. Akakata la pili. Tukala bila maneno, na baadaye akaanza kunieleza habari ya ng'ombe wake aliyeugua, jinsi walivyomtafutia dawa mpaka Tarime mjini. Niliondoka pale saa nne, hajatamka kwamba amenisamehe. Nilipofika kwenye mkonge akaniita. "Yule mdogo mwambie aje. Pera za juu zimeanza kuiva, atapandishwa."

Nisije nikawaandikia kama mambo yote yalikwisha siku ile. Bado tuna kipande cha chini karibu na kijito ambacho kila mmoja anakijua kuwa ni chake. Habari ya fedha za dawa hatujaigusa mpaka leo, nami risiti siitaki tena. Jumapili nilihubiri habari ya Sulemani, nikawaambia kanisa ni nani aliyekuwa mwanamke wa pili. Wengi walishajua, maana walikuwepo ritongo. Kaka hakuja, yeye si mtu wa kanisani sana. Shemeji alikuja, akakaa mbele.

Siku zilizobaki watoto waliishi kwenye mipera. Mke wangu alilalamika kwamba hawali chakula, mama akamwambia awaache, hiyo nayo ni chakula. Walijifunza kuchungulia pera kabla ya kuuma, wasile na funza. Walijifunza kwamba la nyama nyeupe linaweza kushinda jekundu kwa utamu. Binti yangu wa kwanza, mwenye umri wa kuona aibu kwa kila kitu, nilimkuta juu ya mti na binamu zake, miguu inaning'inia, akitema mbegu.

Nilikuwa nimekuja na mifuko miwili mikubwa, mitupu, imekunjwa chini ya begi. Ndivyo tunavyofanya sisi watu wa mjini: tunakuja na sukari kilo tano na vitenge, tunaondoka na gunia. Nilipoitoa siku ya mwisho nikakumbuka kikapu cha mpita njia, nikairudisha. Mke wangu aliniuliza nina nini. Nikasema tumeshiba.

Alasiri kaka alikuja upande wetu, kwa mara ya kwanza. Alibeba mti mrefu wenye ngoe mwishoni. Hakusalimia mtu, alikwenda moja kwa moja kwenye mparachichi, akavua viatu, akapanda. Watoto wakashika ncha nne za shuka la bibi yao, naye akawa anachuma na kuwaangushia, moja moja, akiwapigia kelele wasilegeze. Yalifika arobaini na matatu. Yote magumu kama mawe, kwa maana parachichi haliivi mtini. Utalisubiri pale juu mpaka lidondoke. Sharti lichumwe gumu, likae.

Tulipomaliza kuyagawa, ya mama, ya majirani, ya mchungaji, kaka alikataa fungu lake. Alisema mti si wake. Mimi sikujua la kusema. Mdogo ndiye aliyechukua matatu, akayapanga mikononi mwa baba yake mkubwa moja juu ya jingine, akamwambia ale mpaka ashibe ila asibebe. Kaka alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheka anafanana na baba.

Mengine aliyafunga mwenyewe kwenye boksi, akaweka nyasi kavu katikati ili yasigongane. Nilimwambia tumeacha mifuko kwa makusudi. "Ninyi hamjabeba," alisema, "mimi ndiye ninayewapa." Boksi lilisafiri miguuni kwangu mpaka Dar.

Nilipofika niliomba tena nafasi kanisani, nikarekebisha ushuhuda wangu wa 2018. Hakuna aliyeshangilia. Mzee mmoja alinishika mkono mlangoni akaushikilia muda mrefu, nikafahamu kwamba naye ana mti wake mahali.

Siku ya tano baada ya kurudi, tukiwa tunakula chakula cha jioni, simu iliita. Jina lake lilikuwa halijatokea kwenye kioo changu kwa miaka minne.

"Mura. Yameiva?"

"Mawili tu, kaka. Mengine bado."

"Usiyabonyezebonyeze," akasema. "Yaache."